Somo, saa ya mzee inatembea

Ngamiani, Tanga

Somo yangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku tu wazima. Mvua za vuli zimeanza kunyunyiza, na mama watoto anakusalimu, kisha anauliza lini utaleta halua ya kweli, si ile ya pakiti uliyotuletea mara ya mwisho. Salamu zimekwisha. Najua unachotaka kusikia ni kimoja tu, basi nakwambia mapema usije ukaruka mistari: ile saa ya umeme ya baba yako, ya vibao vya namba vinavyodondoka, inatembea. Hivi ninavyoandika iko mezani mbele yangu, na kila dakika inadondosha kibao chake, tap, kama mtu anayegawa karata. Leo ni siku ya nane.

Sasa tulia nikueleze, maana uliniambia kwenye simu kwamba fundi wa huko Omani aliitazama akacheka, akasema plastiki ikishavunjika ndiyo basi, nunua nyingine. Hilo ndilo lililonipandisha mori nikakwambia uilete. Shemeji yako aliifikisha salama ndani ya boksi la maziwa ya unga, imeviringishwa kanga mbili. Kanga moja nimeshanyang'anywa, usiulize na nani.

Kabla sijashika bisibisi nilishajua ugonjwa uko wapi, na aliyenieleza ni wewe mwenyewe bila kujua. Ulisema inasimama kwenye saba. Si saa saba, ila dakika zinazoishia na saba: 07, 17, 27, 37. Ukisaidia kwa kidole inaendelea, dakika kumi baadaye inagoma tena palepale. Somo, saa ikikwama ovyo ovyo inakuwa kazi ya kutafuta shilingi mchangani, lakini saa inayokwama kwa mpango inajishtaki yenyewe. Ngoma inayobeba vibao vya dakika ina vibao 60, na huzunguka mara moja kwa saa. Kinachokwama kila dakika 10 lazima kiwe kitu kinachozunguka mara 6 kwa saa. Nikafungua, nikatoa gamba, nikahesabu: gia ya ngoma ina meno 60, na gia ndogo inayoisukuma ina meno 10. Jino moja, dakika moja. Nikaileta gia ndogo kwenye mwanga, nikatia lenzi jichoni, na ufa huo hapo, umeanzia kwenye bonde kati ya meno mawili, umeshuka moja kwa moja hadi kwenye ekseli, kile chuma chembamba kinachopita katikati yake.

Ufa wenyewe si mpana, ni kama unene wa ukucha. Lakini kwenye gia yenye meno 10 tu, unene wa ukucha ni mwingi. Jino la upande wa pili wa ufa limesogezwa mbali na mwenzake, kwa hiyo zamu yake ikifika halikuti bonde linalolingoja kwenye gia kubwa, linakuta kichwa cha jino. Linapanda juu yake badala ya kuingia katikati. Mota ya saa hizi haina nguvu ya kulazimisha, ikikuta kizuizi inanguruma tu papo hapo. Ndiyo ile sauti uliyosema kama nzi ndani ya chupa.

Watu hudhani gia ya plastiki hufa kwa kazi. Hii haikuchoka kwa kazi hata kidogo, meno yake yote 10 ni mazima, kingo zake bado kali. Iliyoiua ni ekseli iliyomo ndani yake. Kiwandani waliisukumiza kwa nguvu juu ya chuma chenye michirizi, ili ishike bila gundi wala pini, na siku ile ilishika vizuri kabisa. Lakini plastiki husinyaa kidogo kidogo kadiri inavyozeeka, chuma hakisinyai. Kwa hiyo miaka yote hiyo gia ilikuwa kama pete kwenye kidole kilichovimba. Inabana saa ikitembea, inabana saa ikiwa kabatini bila umeme, mpaka siku moja inapasuka pale ilipo nyembamba kuliko pote, na pembamba kuliko pote ni kwenye bonde kati ya jino na jino. Ndiyo maana hata saa uliyoihifadhi kwenye sanduku lake bila kuitumia ingeweza kupasuka vilevile. Na ndiyo maana nikikuta saa ya namna hii siku hizi, kitu cha kwanza ninachotazama ni gia ndogo zilizopigiliwa kwenye chuma. Hizi kubwa kubwa zenye meno mengi hukaa.

Kilichoniuma zaidi ni supaglu. Fundi aliyetangulia, sijui ni yupi na sitaki kujua, aliona ufa akaujaza. Kwanza, hakuiondoa kwenye ekseli, kwa hiyo aliugandisha ufa ukiwa wazi, yaani aliukubali ugonjwa akauwekea muhuri. Pili, gundi ilimwagika kwenye mabonde ya meno mawili ikakauka kama kioo. Tatu, mvuke wake umeacha ukungu mweupe ndani ya ule uso wa plastiki mbele ya namba. Ukungu nimeusugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini nusu siku, umepungua, haukuisha. Ukiinamisha saa kwenye mwanga wa dirisha utauona kwenye pembe ya kushoto. Samahani kwa hilo.

Tena gundi yenyewe wala haikushika. Niliichokoa kwa sindano ikabanduka kama gamba la kidonda. Hapo nikataka kujua ni plastiki gani. Nilikwangua kijisehemu kidogo kama chembe ya chumvi, nikakigusa kwa sindano ya moto. Nailoni ikiungua hunuka nywele zilizoungua. Hii ilinipiga puani kama fomalini ya chumba cha maiti, macho yakaniwasha, basi nikajua ni asetali. Ni plastiki iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1960 kwa jina la Delrin, na mafundi wa viwandani waliipenda kwa sababu inateleza, ngumu, haivimbi kwa unyevu, gia yake haidai mafuta. Tatizo ni kwamba gundi nayo haioni pa kushika. Ingekuwa nailoni ningekuwa na hadithi nyingine: nailoni hunywa maji ya hewani, huku pwani inalainika inakuwa na ustahimilivu, lakini ipeleke kwenye nyumba ya kiyoyozi mchana na usiku kama kwenu, inakauka inakuwa kama biskuti.

Najua utauliza kwa nini nisichapishe mpya kwa zile mashine za tabaka tabaka, printa za 3D. Nilijaribu, somo, usinione mshamba. Kuna kijana Dar anayo. Nikapima kwa kalipa: gia ndogo kipenyo chake cha nje ni milimita 6, ina meno 10. Chukua kipenyo, gawanya kwa idadi ya meno uliyoiongezea 2, unapata nusu, 0.5. Ile kubwa milimita 31, meno 60, 31 kwa 62, tena 0.5. Hesabu zimeoana, hapo unajua hukukosea kupima, maana gia mbili zinazoumana lazima zipate namba ileile. Lakini jino la gia ya 0.5 lina unene wa milimita 0.78 tu, na tundu la mashine ya yule kijana linatoa uzi wa milimita 0.4. Yaani jino zima ni nyuzi mbili zilizolala pamoja. Aliniletea gia tatu kwenye bahasha, meno yake kama ufizi wa mtoto wa miezi saba. Ziko mashine za majimaji yanayogandishwa kwa mwanga, hizo huchora vizuri zaidi, ila kitu chake nilichowahi kukishika kilikuwa kikavu mno, kilikatika nikikibana kwa kucha. Kwa gia kubwa ya saa ya ukutani ningemtuma yule kijana bila kusita. Kwa hii, hapana. Meno mazima ya kiwandani ninayo mkononi, ya nini nikatafute ya bandia?

Basi nikafanya hivi. Niliiegemeza gia juu ya taya za jiliwa zilizoachana kidogo, nikaigonga ekseli kwa msumari uliokatwa ncha, pole pole, mpaka ikatoka. Na hapa ungekuwepo ungefurahi: ekseli ilipotoka tu, ufa ulijifumba wenyewe, kama mdomo wa mtu aliyemaliza kusema. Ukiishika kwenye mwanga huoni hata mstari. Nikapima tundu lake. Ncha ya keekee ya milimita 1.4 iliingia, ya 1.5 ilikataa. Ekseli, ukipima juu ya michirizi, ni 1.6. Hiyo tofauti ndiyo ugomvi wote. Unaweza kumwaga gundi ya dunia nzima pale, lakini madamu unarudisha chuma cha 1.6 kwenye tundu la 1.4, ufa utafunguka tena.

Kwa hiyo kazi ilikuwa ni kulegeza. Nilishika ncha ya 1.5 kwa vidole, nikaizungusha kwa mkono, kisha ya 1.6, nikitoa unyuzi mweupe mwembamba kama nywele za mzee. Usije ukathubutu kufanya hivyo kwa keekee ya umeme, plastiki hii ikipata joto inayeyuka ukingoni na tundu linapinda, halafu una gia inayoyumba na hakuna wa kukuonea huruma. Nilipomaliza, ekseli iliingia kwa kusukuma kwa kidole gumba na ufa ukabaki umefumba.

Sasa gia iko huru, na gia iliyo huru inazunguka bure juu ya ekseli. Lazima ishike. Hapo ndipo gundi inaruhusiwa kuingia, ila si kwa kutegemea unato wake. Nilichonga vishimo vitatu ndani ya tundu kwa ncha ya sindano ya moto, kila kimoja kidogo kama chembe ya chumvi, nikaikwaruza ekseli mistari ya kukingamana kwa tupa ndogo. Gundi ni ile ya mirija miwili inayochanganywa. Ikikauka inakuwa kama zege lililomwagwa kwenye mashimo: hainati kwenye plastiki, lakini haina pa kutokea. Inashika kwa kujifungia.

Na ufa je? Ufa nimeuvisha pete. Gia ile ina shingo fupi upande wa nyuma, na ufa ulipita hadi shingoni. Unakumbuka eriyali ya redio, ile ya kuvuta, vipande vinavyoingiana? Kila kipande ni bomba jembamba la shaba lililopakwa nikeli, na kila kimoja kina kipenyo chake. Kwenye kopo langu la takataka nina eriyali za redio kumi na kitu zilizokufa, sizitupi hata nikisemwa. Nilijaribisha mpaka nikapata kipande kinachokaribia kuvaana na shingo ya gia, nikakata pete ya milimita 2, nikalainisha kingo zake kwa msasa, nikaipasha kidogo kwa chuma cha kulehemu, nikaisukuma ikiwa moto. Ilipopoa ikabana. Sasa ile gia ina mkanda kiunoni. Hata plastiki ikitaka kufunguka tena, mkanda haukubali.

Kabla gundi haijakauka niliizungusha gia juu ya ile kubwa kwa mkono, mzunguko mmoja mzima, nikisikiliza kwa vidole. Meno yote kumi yakaingia. Nikaiacha usiku na mchana wake bila kuigusa. Wanangu walikatazwa hata kupiga chafya chumbani.

Siku ya kuiwasha tulikaa watu wanne mbele ya saa kama tunatazama mpira. 04. 05. 06. Kibao cha saba kikadondoka. Hapo hakuna aliyesema kitu. Unajua dakika moja inavyokuwa ndefu unapoitazama? Kile kibao huanza kuinama sekunde kadhaa kabla, unaona namba inajikunja juu, kinang'ang'ania kwenye kile kisimamizi cha juu, kinang'ang'ania, kisha tap. 08. Mdogo wangu wa mwisho akapiga makofi. Tukangoja 17 vilevile, 27 tukaenda kula.

Sasa nikucheke na mimi unicheke. Kesho yake asubuhi saa ilikuwa imechelewa vibaya. Nikairekebisha, baada ya saa moja imechelewa dakika 10. Saa ya pili, dakika 20. Nikasema basi, nimeharibu gia, nimekosea hesabu, jino moja limeliwa mahali. Nikafungua tena, nikahesabu meno mara tatu, nikachunguza pete, nikakosa usingizi. Mke wangu ndiye aliyeuliza kile kiswichi cha chini kilichoandikwa 50 na 60 ni cha nini. Somo! Nilikisukuma mwenyewe nilipokuwa nasafisha. Mota hizi hazina akili ya kuhesabu sekunde, zinafuata mapigo ya umeme wa ukutani, na umeme wa kwetu na wa kwenu Omani wote ni wa hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde. Ukiiambia saa kwamba umeme ni wa 60 halafu ukaipa 50, kila saa moja inakwenda dakika 50 tu. Ndiyo dakika 10 zangu. Kiswichi chenyewe kipo kwa sababu Japani ina umeme wa namna mbili hadi leo: Tokyo ilinunua mitambo Ujerumani, ya 50, Osaka ikanunua Marekani, ya 60, na hawakuwahi kukubaliana. Hivyo saa iliyotengenezwa kwao ilibidi ijue kusema kwa lahaja zote mbili. Nimekirudisha kwenye 50 na nimekibandika utepe. Usiubandue.

Usafi niliufanya kwa maji vuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi laini, kwa gamba na gia tu. Vibao sikuvigusa isipokuwa kwa brashi kavu. Hilo nililijifunza kwa aibu: miaka ya nyuma nilisafisha saa ya jirani yetu kwa petroli, gamba likang'aa kweli, lakini namba za vibao zikaondoka na kitambaa. Alikuwa na saa safi isiyosema chochote. Mpaka leo tukikutana kwenye foleni ya mkate ananiuliza saa ngapi.

Mafuta nimetia tone la silikoni kwa ncha ya sindano, mahali pawili tu. Mtu yeyote akikushauri upulizie dawa ya kopo ya kulegeza kutu, mnyang'anye kopo. Ile taa ndogo ya ndani inapepesa kama koroboi kwenye upepo, ni ya neoni na imezeeka, haina madhara. Ningeweza kuibadilisha, ila nakumbuka ilikuwa inapepesa hivyohivyo tulipokuwa tunalala sebuleni kwenu, mwaka ule wa mitihani, na mzee akija kutuamsha alfajiri dakika mbili kabla ya mlio ili asikie raha ya kuishinda. Nimeiacha. Mlio nao unafanya kazi, muulize jirani wa ukuta wa pili.

Jambo la mwisho ni la saa zenyewe. Nilipoiwasha niliiweka kama alivyokuwa akiiweka yeye, kwa saa za kwetu. Asubuhi saa moja inasema 1:00, wala haihangaiki na saba. Unakumbuka wageni wa baba walivyokuwa wanaitazama, halafu wanatazama mikono yao, halafu wanaona haya kuuliza? Ukitaka kuiweka ya kwenu, kigurudumu cha pembeni ukizungushe kwenda mbele tu. Kurudi nyuma hata nukta moja usirudi, vibao vitaumana na hapo hata mimi utanikosa. Na ukumbuke mko mbele yetu kwa saa moja.

Ujira wangu ni huu: ukipita soko la Matrah ukaona saa za vibao zilizokufa, kwenye yale maduka ya makorokoro ya nyuma, nichukulie mbili tatu hata zikiwa zimepasuka gamba. Nazitaka kwa gia zake. Na halua, ya kweli.

Anayekuja nayo anaondoka kesho kwa basi la jioni kwenda Dar, kisha ndege. Namaliza barua hii kisha naichomoa. Kwa hiyo ukifungua boksi utaikuta imesimama kwenye 10:37. Usishtuke kwa hiyo saba. Ndiyo dakika niliyoichomoa.

Ni mimi somo yako